Nambari Nilizozitia Nukta

Siku ya ishirini na tatu ya eda yake, mdogo wangu Basma alikula kipande kizima cha mkate wa kumimina kwa sababu Shemsa alikuwa amekufa.

Alikufa mchezoni, niseme mapema. Shemsa mwenyewe, jirani yetu wa Kiponda, alikuwa amekaa palepale mkekani, mkono kiunoni, akilalamika kwamba mwizi wake Kificho hakustahili kuangukiwa na jiwe.

"Jiwe lenyewe limetoka wapi? Si tulikuwa tunatembea tu?"

Basma akasema, kwa sauti ya koo lililokauka kwa kukosa kutumiwa, "Ungetazama juu."

Kisha akanyoosha mkono, akachukua mkate, akala. Mimi nilijifanya nasoma karatasi yangu. Bi Mayasa, mama mkwe wake, alijifanya anaufunga upya ushungi. Hakuna aliyethubutu kumtazama, tusije tukamkumbusha kwamba alikuwa hali chakula.

Kabla ya hapo alikuwa akiishi kwa chai ya rangi na neno mojamoja. Naam. Sitaki. Basi. Alikuwa na miaka ishirini na tatu, mwalimu wa hesabu wa darasa la tatu, na mumewe Kheir alikuwa amefariki kwa ajali ya pikipiki katika masika ya mwaka ule, elfu mbili na mbili. Mama yake Kheir aliletwa kutoka Tumbatu kuja kukaa naye mpaka miezi minne na siku kumi itimie. Mimi nilikuwa nakwenda kila alasiri, mwanangu Sami kiunoni, bado ananyonya, na kila nikipanda zile ngazi nilikuwa sijui nikifika juu nitasema nini. Mjane wa miaka sitini, maneno yake yapo tangu zamani. Wa miaka ishirini na tatu unamwambia nini? Tena mimi nilikuwa na sababu yangu ya kukosa maneno.

Mimi ndiye niliyepelekwa kumwambia siku ile. Saa moja asubuhi alikuja kwangu Mzee Abrahman, ami yake Kheir, akasimama mlangoni hakutaka kuingia. Akasema Kheir amefariki, na mama yake amesema kwa simu mkewe aambiwe kidogo kidogo. Ndivyo tunavyofanya. Mtu hatupiwi habari kama ndoo ya maji. Basi nilikwenda, nikamtazama Basma usoni, nikamwambia Kheir kaanguka na pikipiki, kavunjika mguu, yuko hospitali. Akataka kwenda. Nikamwambia madaktari hawajaruhusu watu. Akaagiza kwato sokoni, akateleka supu, maana supu ya kwato ndiyo inayounga mfupa. Alipoiepua, saa tano, chini walikuwa wanatandika mikeka ya msiba. Alisikia vishindo vya mikeka, akanitazama, na mimi sikuhitaji tena kusema.

Baadaye hakuuliza kitu, na sisi hatukusema. Tulisema Mungu kamchukua, basi.

Sasa huo mchezo. Mtoto wa ami yetu, Qais, anakaa Maskati. Kila mwaka hutuletea kifurushi, na mwaka ule alileta nguo za Sami, ubani, na sanduku la mchezo ambao wanawe walikwisha kuuchoka. Ndani mlikuwa na kitabu kinene cha Kiingereza, dadu saba za rangi zenye pande nyingi kama vito, na sidii moja. Nilikisoma kile kitabu kwa kamusi. Nilikuwa nasoma darasa la jioni kule Vuga, Kiingereza na kompyuta, Jumatatu mpaka Jumatano, mume wangu Salem akibaki na mtoto na kumbembeleza kwa kumtangazia mpira. Kwa hiyo nilielewa kiasi. Mmoja ni msimulizi. Wengine kila mtu ana mtu wake ndani ya hadithi, na anasema mtu wake anafanya nini. Akitaka kuruka shimo, inatafutwa nambari kuanzia moja hadi ishirini. Kubwa, ameruka. Ndogo, ameanguka. Moja ni balaa.

Nilikipeleka kwa Basma kwa sababu nilikuwa sina kitu kingine cha kupeleka. Nikazimimina dadu mkekani. Bi Mayasa akainua uso.

"Vitu gani hivyo?"

"Dadu, Bi Mayasa."

"Dadu? Kwenye nyumba ya eda? Muzna, mwanangu, wewe si mtoto wa watu?"

"Si kamari, Bi. Hamna pesa. Ni kujua tu kama mtu karuka au kaanguka."

"Dadu hazirushwi hapa. Wakija watu kutupa pole wakazisikia zinagonga sakafuni niwaambie nini? Nakula kokwa za ubuyu?"

Nikazirudisha mfukoni. Ikabaki ile sidii, ambayo kwa maelezo ya sandukuni ilikuwa ni msaidizi wa msimulizi: inaweka habari za kila mtu wa hadithi, na inarusha dadu yenyewe. Nikaipeleka darasani. Mashine yetu iliimeza, ikanguruma, ikaitema.

"Mashine hii bibi kizee," alisema Mwalimu Usi. "Usimtake aruke kamba. Lakini hicho unachokitaka mbona unaweza kukitengeneza mwenyewe?"

Akanionesha. Katika programu ya majedwali ambayo sisi tulikuwa tunaitumia kupanga majina ya wanafunzi, kuna fomula ukiiandika inatoa nambari yoyote bila kuambiwa na mtu. Nilikaa nayo jioni tatu. Ukurasa wa kwanza nikaweka kadi za watu wa hadithi: jina, kazi, alichobeba, na uzima wake, unaoanzia ishirini. Nikiandika ameumia mara ngapi, mashine inapunguza yenyewe, na uzima ukifika sifuri kadi inageuka nyekundu. Ukurasa wa pili nikaweka nambari mia moja. Tatizo moja tu: ukigusa kitufe chochote, nambari zote zinabadilika.

"Ukitaka zitulie," alisema Mwalimu Usi, "zichapishe."

Printa yetu ilikuwa ya zile za karatasi ndefu zenye matundu pembeni, na ikichapa inalia kama paka aliyekanyagwa mkia. Nilitoka nayo karatasi nimeikumbatia. Mtu yeyote aliyeniona njiani angedhani nimepata hati ya nyumba.

Bi Mayasa aliigeuza karatasi juu chini.

"Nani kazirusha hizi?"

"Hakuna aliyezirusha, Bi. Kompyuta imezichagua."

"Kompyuta ina dini?"

"Haina."

"Basi haina dhambi. Leta tuone."

Ndivyo tulivyoanza, Alhamisi na Jumamosi baada ya sala ya alasiri. Nilitunga Mji wa Chini, mji ulio chini ya kisima cha nyumba, wenye vichochoro kama vyetu, ila milango yake kila mmoja una sharti. Shemsa akawa mwizi, Kificho. Basma, nilipomuuliza anataka kuwa nani, akasema, "Hija. Fundi wa kufuli." Na Bi Mayasa alikataa kuwa mtu mwengine.

"Mimi ni Mayasa binti Silima, wa Tumbatu. Niwe nani tena?"

"Katika hadithi, Bi."

"Ndiyo. Katika hadithi ni Mayasa binti Silima wa Tumbatu, nina bakora."

Nikamwandikia kadi: kazi, mama wa watu, amebeba, bakora. Na ile bakora, wallahi, ilifanya kazi kuliko upanga wa kitabuni. Mlango wa tatu wa Mji wa Chini ulikuwa na bawabu mwenye vichwa viwili. Nilikuwa nimemtayarisha wiki nzima. Bi Mayasa akasema anampiga bakora.

"Kichwa kipi, Bi?"

"Kile kinachojibu."

Nambari ikawa kumi na tisa. Shemsa alicheka mpaka akashika mbavu, na Basma akasema polepole, "Na Hija, wakati bawabu analia, anaifungua kufuli." Alisema sentensi nzima. Wiki ya nne alianza kuja na mipango yake. Wiki ya tano alimtuma Shemsa sokoni amletee embe mbichi na pilipili. Nilikuwa narudi kwangu nikimsimulia Salem kila alichokula, kama wauguzi wanavyoandika kwenye faili.

Na hapo ndipo nilipoharibu.

Nambari zikiwa zimeshachapishwa, mimi nazijua. Usiniambie nisizitazame, karatasi ninayo mimi, nakata kwa penseli nambari moja baada ya nyingine, na jicho linakwenda mbele. Siku moja Hija alitaka kupita juu ya ukuta mwembamba, na nikaona nambari inayofuata ni mbili. Nilimtazama Basma. Alikuwa ameinama mbele, magoti ameyakumbatia, midomo wazi kidogo, kama alivyokuwa akisikiliza hadithi tulipokuwa watoto. Sikuweza. Nikaitia ile mbili nukta, nikasoma iliyo baada yake.

"Kumi na nne. Amepita."

Lakini sikuthubutu kuitupa. Mashine imeitoa, lazima imwendee mtu. Ilipofika zamu ya Shemsa nikampa yeye.

Nikafanya tena. Na tena. Kila nambari mbaya ya Basma nikiitia nukta, kila nukta ikimwangukia Shemsa. Kificho akafa, akaja Kificho wa Pili. Akafa, akaja Kificho wa Tatu, ambaye hakumaliza hata alasiri moja.

"Mie nshakufa mara tatu!" alisema Shemsa. "Basma hajapata hata mafua! Hiyo kompyuta inanijua nini?"

"Inakujua una mdomo," alisema Bi Mayasa.

Tukacheka. Mimi pia nilicheka. Nilijiambia ni mchezo tu, na kwamba mtu anayetoka kwenye kifo hapaswi kupewa kifo kingine, hata cha karatasi.

Ilikuwa Alhamisi, wiki ya nane. Hija alikuwa amefika kwenye mlango wa mwisho, juu ya shimo lisilo na mwisho, na kufuli iko upande wa pili, lazima uruke. Nambari yake ilikuwa moja. Nikaitia nukta, nikasoma kumi na sita. Hija akaruka, kila mtu akashukuru, na saa hiyohiyo Sami akachafua nepi. Nikaiweka karatasi mkekani, nikamchukua mtoto ndani.

Niliporudi, Basma alikuwa ameishika.

"Dada. Hizi zenye nukta ni zipi?"

"Ni... za baadaye."

"Za baadaye?" Hakupandisha sauti. "Moja, mbili, moja, tatu. Hakuna hata moja inayofika tano. Nimekuwa nikihesabu, dada. Kwenye nambari mia, moja inatakiwa itokee kama mara tano. Shemsa kapata zote. Mimi sijawahi kupata."

"Ngoja, ngoja," alisema Shemsa. "Nukta zinakwenda kwa nani?"

Akasogea, akachungulia karatasi mkononi mwa Basma.

"Kumbe mie ndo jaa la mtaa! Kificho wangu wote watatu! Muzna, mie nimekukosea nini, shoga?"

Siku nyengine tungecheka. Basma alikuwa ananitazama mimi.

"Ulinitazama hivihivi siku ile," alisema. "Uso huohuo. Ukanambia mguu."

Akaiweka karatasi chini, akaenda chumbani, akafunga mlango.

Jumamosi hakutoka. Bi Mayasa alisema amerudi kwenye chai ya rangi. Nilisimama pale ukumbini na karatasi yangu kama mchuuzi aliyekosa mnunuzi, nikasema "Basma" mara mbili, na mara ya pili akajibu "Naam," na lile naam lilikuwa lilelile la siku za mwanzo. Yote tuliyoyapata kwa wiki nane nilikuwa nimeyamwaga mwenyewe. Bi Mayasa alinisindikiza mpaka kwenye ngazi.

"Ile ya mguu ilikuwa yangu," alisema. "Mimi ndiye niliyesema mwambieni kidogo kidogo."

"Lakini mdomo ulikuwa wangu, Bi."

"Haya. Tugawane." Akanishika bega. "Lakini lifanyie kazi, mwanangu. Mimi nimezika mmoja. Huyu simtaki azame mbele ya macho yangu."

Jumatatu nilimwendea Mwalimu Usi kabla ya darasa.

"Nataka nambari ambazo mimi siwezi kuziona."

"Mimi nimefundisha kompyuta miaka minne," alisema, "wewe wa kwanza kuniomba ikufiche wewe mwenyewe. Umeiba nini?"

Nikamweleza. Alinisikiliza mpaka mwisho, akacheka kidogo, halafu hakucheka. Kisha tukakaa kwenye mashine. Ile fomula tukaipanga upya, nambari ziende chini kwa mstari mmoja badala ya safu kumi. Akanambia nigeukie ukuta. Printa ikalia. Nilisikia mkasi. Akaikata karatasi kuwa ukanda mwembamba, akaukunja kama ukili wa mkeka, nambari ndani, akaufunga uzi. Aliponipa ulikuwa unatosha kwenye kiganja.

"Akae nao yeye," alisema. "Wewe simulia."

Alhamisi nilikaa chini nje ya mlango wa Basma. Shemsa na Bi Mayasa walikuwa mkekani. Sami alikuwa ananyonya kidole.

"Basma. Nambari hizi sijaziona hata moja. Mwalimu kazichapisha mimi nimegeukia ukuta. Nakupa ukae nazo wewe. Na hutaki, hutaki, nitazichoma, lakini sitakudanganya tena. Si mchezoni tu. Popote."

Nilisubiri. Mtaani mtu alikuwa anauza kahawa, vikombe vinagongana, akapita, vikombe vikafifia. Ndipo mlango ukafunguka kidogo.

"Ule mlango wa mwisho," alisema. "Nambari yangu ilikuwa ngapi?"

Ningeweza kusema saba. Ulimi ulikuwa tayari.

"Moja."

"Umeshampa Shemsa?"

"Bado."

"Hanipi tena mtu kitu!" alisema Shemsa kutoka mkekani.

Basma akatoka. Alikuwa amekonda katika siku zile chache, au mimi niliona hivyo. Akakaa mahali pake, akachukua ule ukanda, akauweka gotini.

"Nataka ile moja yangu. Turudi pale."

Nikasimulia. Nikasema Hija amesimama ukingoni, ameshika mfuko wa funguo, karuka, na mguu wa nyuma umeteleza. Anaanguka. Nikafungua kitabu, nikawasomea sheria kwa Kiswahili bila kuacha neno: anayeanguka kutoka hapo anapoteza uzima wote, isipokuwa apate nambari ya mwisho, kumi au zaidi, ashike ukingo.

"Nambari ya mwisho naichukua mwenyewe," alisema Basma.

Akafungua uzi. Vidole vyake vilikuwa havina haraka. Akakunjua kipande cha kwanza, akakisoma peke yake, na sisi tukawa tunausoma uso wake.

"Nne," alisema.

"Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun," alisema Bi Mayasa, kwa moyo wake wote, na Shemsa akaitikia naye, mkono kichwani. Mimi pia midomo yangu ilikwenda. Tukainama. Chumba kizima kikainama. Ikapita hivyo, sijui, pumzi kumi.

Kisha Shemsa, bila kuinua kichwa, akanong'ona: "Sasa tunamwombea nani?"

Sauti iliyofuata sikuitambua. Nilidhani Basma analia. Alikuwa ameziba mdomo kwa ncha ya kanga, na mabega yanaruka, na kicheko kinamtoka puani, kikaacha kuzuilika, kikatoka chote. Bi Mayasa akasema, "Mdomo wangu umeshazoea, mnanicheka nini?" na hapo ikawa basi tena. Shemsa alilala chali. Mimi nilicheka na machozi yananitiririka, nikimtazama mdogo wangu wazi wazi, sijifichi.

Alipomaliza alijifuta macho, akabaki ameshika ule ukanda. Akasema, sauti ya kawaida kabisa, kama anauliza bei ya nazi:

"Dada. Alikuwa hai mpaka saa ngapi?"

Hakuna aliyeuliza nani.

"Ulikuja saa moja," alisema. "Mikeka ilitandikwa saa tano. Ni saa nne nzima. Kila siku nazihesabu. Yeye yuko kitandani hospitali, anauliza mke wangu yuko wapi, na mimi nimekaa jikoni nachochea moto. Ningekwenda. Ningekukatalia nikaenda kwa miguu. Kwa nini sikukukatalia?"

Sisi tulidhani tunamjua anachokililia. Wiki tisa tulikuwa tunamletea mkate na hadithi, na kumbe alikuwa amekaa ndani ya zile saa nne, saa ambazo hazikuwapo, saa nilizozitunga mimi kwa kumwonea huruma. Nilimtazama Bi Mayasa. Akatikisa kichwa: sema.

"Hakufika hospitali, Basma," nilisema. "Alifariki palepale Mahonda, njiani, kabla ya jua kutoka. Nilipopanda ngazi zako saa moja alikuwa ameshafariki. Hakukuulizia. Hakukungojea. Hakukuwa na mahali pa kwenda."

"Kabla ya jua?"

"Kabla ya jua."

"Hakuumwa?"

"Watu wanaokaa pale walisikia pikipiki ikianguka, wakatoka mbio. Walimkuta ameshakwenda. Hakuna aliyemsikia akiita. Mzee Abrahman alizungumza nao mwenyewe."

Akamgeukia Bi Mayasa. "Mama?"

"Mimi nilifunuliwa uso wake kabla hawajamwosha," alisema Bi Mayasa. Tangu aje kutoka Tumbatu sikuwa nimemsikia akimtaja mwanawe. "Uso haukuwa na kitu. Alikuwa na mdomo wazi kidogo, vile alivyokuwa akilala utotoni. Nilitaka kumfumba mdomo nzi asiingie. Angekuwa ameumwa, mwanangu, mimi ningejua. Mimi ndiye niliyemzaa."

Basma alitoa pumzi. Ilikuwa pumzi ndefu, ikaendelea kutoka, hata nikashangaa alikuwa anaiweka wapi. Mabega yake yakashuka. Akasema, "Basi sikumwacha." Akasema tena, kwa Bi Mayasa, kama anamfahamisha, "Mama, sikumwacha."

"Hukumwacha. Nani kasema ulimwacha? Njoo hapa."

Akaenda. Akalaza kichwa kwenye mapaja ya mama mkwe wake, na akalia, lakini kilio hiki kilikuwa kinakwenda mahali, kama maji yaliyozibuliwa, na kilipofika kikaisha. Bi Mayasa alikuwa anampitisha mkono kichwani, huku akisimulia kitu kuhusu Kheir na mbuzi wa jirani, hadithi isiyo na kichwa wala miguu, na machozi yake mwenyewe yanamshuka na hayafuti. Mimi nilimshika Sami nikamweka begani. Nilikuwa mwepesi, nikajihisi ningeweza kushuka ngazi zote bila kugusa hata moja.

Tulidhani Basma anasikiliza. Kumbe alikuwa amelala. Alilala palepale, mkono mmoja chini ya shavu, anakoroma kidogo kama aliyetoka shamba.

Shemsa alianza kukusanya kadi mkekani. Aliichukua ya Hija, akaitazama, akanisogelea.

"Kafa kweli kweli?" alinong'ona.

"Kafa kweli."

"Lo. Mie nlikuwa nampenda." Akafikiri. "Na ule mlango, nani ataufungua?"

"Bi Mayasa ana bakora," nilimwambia.

"Punguzeni sauti," alisema Bi Mayasa. Mguu wake ulikuwa umeshakufa ganzi, nilimwona anavyoubana, lakini hakuusogeza. "Nyinyi wawili nendeni jikoni mkatizame kuna nini. Akiamka huyu atakuwa na njaa."